Njia ya Salamu

Shemeji yangu aliniambia nishike barabara ya lami, nami nikasema haya. Neno hilo moja ningependa nilimeze hata leo.

Asubuhi ile mama mkwe wangu alikuwa amefariki kwao Takaungu. Sisi twakaa Kibarani, upande wa pili wa daraja la Kilifi. Maiti ya Kiislamu hailali ikisubiri wageni. Ndugu walikuwa wamekubaliana wazike baada ya sala ya adhuhuri. Magari ya abiria yalikuwa yamegoma, na mke wangu hapandi pikipiki, haijalishi nani anaendesha. Ilibaki baiskeli yangu nyeusi, ile ile tuliyokuwa tukiendea kwao tangu tulipooana.

"Shemeji, nakujua wewe," kaka wa mke wangu aliniambia kwenye simu, sauti imemkauka kwa kulia. "Ukipita huko mashambani na salamu zako, utafika tumeshafukia. Leo pita lami, tafadhali."

Nikasema haya.

Njia tuliyoizoea ilikuwa nyingine. Ukivuka daraja unaacha lami Mnarani, unaingia nyuma ya nyumba, kisha unashika barabara ya udongo mwekundu inayokata mashamba ya mkonge na mikorosho. Gari utaliona mara moja, nalo ni la kubeba mawe, linakwenda polepole kama limechoka. Muda mwingi husikii kitu isipokuwa tairi likisaga changarawe na mnyororo ukiomba mafuta. Barabara hiyo haikunyooka hata kidogo. Inapanda kilima, inateremka bondeni, inapanda tena, mpaka inapokushusha kwenye mkono wa bahari. Hapo unalaza baiskeli ndani ya mtumbwi, unavushwa, na Takaungu iko mbele yako.

Mke wangu aliiita njia ya salamu. Kule kwetu hupiti mbele ya mtu mzima ukiwa juu ya baiskeli kama aliyekosa kulelewa. Unashuka, unasalimu, unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mvua, ndipo unapanda. Ukikuta nyumba yenye matanga, unaegemeza baiskeli na kuingia kutoa pole, hata kama humjui aliyekufa. Na kwenye kila kilima mke wangu alishuka, kwa sababu baiskeli haikuwa na gia na mimi sikuwa na mapafu. Alitangulia kwa miguu, akifika juu ananisubiri, huku akijifunga leso yake upya na kuichomeka vizuri kiunoni.

"Hivi hii baiskeli tuliinunua ya nini?" alikuwa akiniuliza. "Mimi natembea, wewe unaisukuma. Anayepumzika ni yenyewe."

Nilicheka tu. Sikujua kwamba kule kushuka kwake ndiko kulikotufikisha salama miaka yote ile.

Siku ya msiba tulivuka daraja na hatukukata kushoto. Lami ilikuwa laini na baiskeli ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Malori ya kwenda Mombasa yalitupita, kila moja likitusukuma kwa upepo wake. Watu walikuwapo kando ya barabara, lakini nani atakusalimu kwenye kelele ile? Nilijiambia shemeji alikuwa na haki.

Tulipofika kwenye mteremko mrefu mke wangu akanigusa mgongoni.

"Bwana, simama nishuke. Leso inalegea."

"Utaifunga tukifika."

"Nashuka mara moja tu."

"Mama anatungoja," nikamwambia. "Kaza kwa mkono."

Hakubisha. Kwa maneno yale, binti gani angebisha? Mkono mmoja alinishika kiunoni, mwingine akashika leso. Lori lilipotupita, aliuachilia ule wa leso anishike kwa mikono yote miwili, na upepo ukaipeperusha leso ikaingia kwenye spoki za gurudumu la nyuma. Baiskeli ilikwama kama iliyofungwa kamba. Mimi niliangukia majanini. Yeye aliangukia lami.

Lori lililokuwa nyuma yetu lilifunga breki kwa mlio ambao bado nausikia mtu akikokota kiti cha chuma. Nilipoinua kichwa, tairi lake lilikuwa limesimama karibu na kichwa cha mke wangu kiasi kwamba vumbi lake lilikuwa kwenye nywele zake.

Dereva aliruka chini, kijana wa bara. "Mzee! Mzee, unabebaje mama hivi kwa haiwei?" Akachomoa kisu apate kuikata leso iliyokuwa imemfunga mke wangu kwenye gurudumu. Hapo ndipo nilipojua yu hai, kwa sababu alifumbua macho na kusema:

"Usiikate, mwanangu. Ni mpya hiyo."

Kijana yule alikaa chini barabarani akalia. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka kwa raha mpaka nikaona mguu wa mke wangu ulivyolala, umeelekea kusikokuwa kwake.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Adhuhuri ilipoadhiniwa tulikuwa hospitali, yeye juu ya kitanda cha magurudumu, mimi nimeshika leso iliyochanika. Shemeji alipiga simu, nikamwambia. Akasema, "Sisi tunatoka na jeneza sasa." Mke wangu aliyasikia maneno hayo. Aligeuza uso ukutani.

Wanawake wa kwetu hawaendi makaburini siku ya maziko. Kuagana kwao ni nyumbani, kabla sanda haijafungwa usoni. Binti hubusu paji la mama yake na kumwomba radhi ya maziwa aliyonyonya na kumsamehe fimbo alizochapwa. Hilo ndilo alilokuwa akilikimbilia. Hakunilaumu. Heri angenilaumu. Alijifunza kutembea na mkongojo, akarudi kupika, akarudi kunitania, lakini nikitaja Takaungu alikuwa anaondoka chumbani.

Hali hiyo ilidumu. Mimi niliendelea kuendesha baiskeli peke yangu kwenye njia ya ndani, na wazee wa kule kila mara waliuliza, "Mama yuko wapi?" Nikajibu yuko nyumbani, hajambo. Nilikuwa nikirudi namfikishia salamu zao, naye alikuwa akizipokea kama mtu anayepokea vitu vya jirani avitunze.

Mwaka huu, baada ya mvua kubwa, alinijia uani nikitia mnyororo mafuta.

"Yule bibi mwenye mikorosho mitatu mlangoni, bado anauliza?"

"Anauliza kila nikipita."

"Basi nitamjibu mwenyewe. Lakini nyuma yako sikai."

Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea hapo Kibarani. Alichukua baiskeli yangu na nyingine kuukuu akaunganisha ya magurudumu matatu, yenye kiti cha mbao mbele, kipana, kilichowekwa godoro. Magurudumu yote aliyafunika kwa bati. Siku ya kwanza mke wangu aliizunguka kama anayenunua ng'ombe.

"Breki zipo?"

"Zipo."

"Zijaribu hapa mbele ya majirani. Nikifa wawe mashahidi."

Majirani walicheka, nikazijaribu, akapanda.

Tulitoka asubuhi yenye ubaridi. Kwenye daraja nilikuwa nimekaza meno, magari yakitupita, na mbele yangu niliona kisogo chake hakigeuki. Tulipokata kushoto Mnarani na kelele ikabaki nyuma, mabega yake yalishuka. Mimi pia nilihisi pumzi ikinitoka, pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu siku ile.

Kila kilima nilishuka nikasukuma. Sasa yeye ndiye aliyekaa na mimi ndiye niliyetembea. "Leo angalau baiskeli ina kazi," alisema. Kwenye kila nyumba tulisimama. Yule bibi wa mikorosho alitoka akiwa na ufagio mkononi.

"Huyu si yule aliyekuwa akipanda mlima kumshinda mume wake?"

"Shikamoo, bibi. Ndimi."

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani amekuficha, amepata mwingine."

"Nani atamtaka huyu na mapafu yake?"

Walicheka mpaka wakashikana mikono, na tukapewa korosho za kuchoma zilizofungwa kwenye jani. Jua lilikuwa limepanda tulipofika kwenye maji. Baiskeli ile mpya haikuingia mtumbwini, tukaiacha kwa mwenye kuvusha, na mke wangu akavuka ameshika mkongojo wima.

Shemeji alitungoja ng'ambo. Alimshika dada yake mkono mpaka makaburini, akasimama naye nje ya ukuta mfupi wa mawe, akamwonyesha kwa kidole. Mke wangu alisoma Fatiha polepole. Kisha alizungumza na mama yake kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu aliye chumba cha pili, na mimi na shemeji tukasogea kando tusisikie.

"Nilikosea siku ile," shemeji aliniambia.

"Wewe ulisema tu," nikamjibu. "Mwenye usukani nilikuwa mimi."

Tuliporudi mke wangu alisinzia njiani, kichwa kikienda huku na huku kwenye mabonde, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Yu hai, amemuaga mama yake kwa namna alivyoweza, na Takaungu imerudi kutajwa nyumbani kwetu.

Lakini nilichopoteza nakijua. Mke wangu hakuuona uso wa mama yake, na atachechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Nami, tangu nilipomnyima nafasi ya kushuka afunge leso, sijahisi tena mikono yake kiunoni mwangu nikiendesha, wala sitaihisi.