Wimbo wa Manju Luhende Mbele ya Bwana Shauri

Siku yangu ya kwanza kazini pale bomani Geita, karani mkuu alinisimamisha kati ya kiti cha hakimu na kizimba cha mshtakiwa. "Ofisi yako ndiyo hii," akasema. "Mkalimani haongezi chumvi wala hapunguzi pilipili." Kazi yangu ilikuwa kugeuza Kisukuma cha wananchi kuwa Kiswahili, lugha aliyoijua vizuri Bwana Shauri, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa wilaya na hakimu wetu.

Kesi nyingi zilikuwa za ng'ombe na mahari. Ya Luhende ilikuwa nyingine. Luhende alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Kwao Shinyanga alitunga wimbo wa kupinga amri ya kupunguza ng'ombe, mtemi, mtawala wa huko, akamfukuza nchini mwake. Akamwacha mkewe nyumbani, akaja Geita kusukuma vigari vya mawe mgodini. Jumapili aliwaimbia wachimbaji, Wasukuma, Wasumbwa na Wazinza, nyimbo za watu walio mbali na kwao.

Kisha mwamba uliporomoka shimoni, ukamwua kijana aliyeitwa Masalu. Luhende akatunga wimbo, na nyapara wa zamu akamshtaki kwa kuchochea mgomo. Akitiwa hatiani angefungwa, halafu ahamishiwe mbali zaidi.

"Ameimba, 'Toka shimoni, jua limechomoza,'" nyapara alisema. "Huo si mgomo?"

Bwana Shauri akanigeukia. "Ndivyo alivyoimba?"

"Ndivyo, Bwana. Lakini huo ni mstari mmoja. Naomba auimbe wote, niutafsiri wote."

Karani mkuu alinikazia macho. Mkalimani hakuwa mtu wa kuomba. Bwana Shauri akaweka kalamu chini. "Aimbe."

Luhende akaanza polepole, akiningoja kila mstari.

"Masalu, toka shimoni, jua limechomoza. Mama yako amesonga ugali, hajui kuwa hutakula. Nani atakwenda kumwambia? Mimi njia ya kwetu nimefungiwa."

Mstari wa mwisho niliutafsiri kwa sauti iliyofifia, ikabidi niurudie.

"Mama huyo ameambiwa?" Bwana Shauri akauliza. "Bado, Bwana," nyapara akajibu.

"Kumlilia marehemu si kosa. Mshtakiwa yuko huru. Na leo hii atumwe mtu kwa huyo mama."

Nilishusha pumzi. Nje, Luhende alinishika mkono, akacheka huku machozi yakimtoka. "Ndugu yangu, ulikuwa unatafsiri au unaimba? Maana sauti ilikupotea kabisa!"

Bwana Shauri alizungumza na mtemi, na kabla ya masika Luhende alirudi kwa mkewe.

Nilihudumu baadaye Biharamulo, kisha Shinyanga, hadi nikastaafu. Vijana wa mahakama huniuliza kazi ile ilinipa nini. Huwasimulia nilivyokwenda kumtembelea Luhende, nikamkuta amezeeka, zizi limejaa, wajukuu wamemzunguka. Nikamwuliza kama bado anatunga.

"Za mavuno tu, mwenzangu. Siku hizi sina la kulalamikia."

Akaniimbia moja. Kusema kweli, haikufikia hata nusu ya zile za Geita. Nami nilifurahi mno.