Ofisi ya Samadi

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliupitisha Piyaya, nikiwa afisa mifugo pekee wa kata. Kabla yangu walikuwapo wawili. Mmoja alistaafu, mwingine akahamia mjini kumfuata mumewe, na kazi zao zote nikaachiwa mimi pamoja na pikipiki yenye kiti kilichochanika. Wafugaji waliniita daktari. Waliponizoea wakaniita Mmbulu, kwa sababu nimezaliwa Karatu kwenye mashamba ya vitunguu, na kwao binti wa Kimbulu anayetibu ng'ombe wa Wamaasai ni kichekesho, maana babu zetu walikuwa wakiibiana ng'ombe hao hao. Nilicheka nao.

Mwaka huo huo wilaya ilileta mfumo mpya wa mahudhurio. Kila asubuhi mtumishi anasimama ofisini kwake, anajipiga picha ya uso kwa simu, na mfumo unahakikisha kwamba uso ni wake na mahali ni ofisini. Sikuuchukia. Kwenye kikao cha kuutambulisha nilipiga makofi kama wengine, kwani sote tulimjua mtumishi ambaye koti lake kitini ndilo lililohudhuria kazini. Mkuu wa idara yetu, Mchaga mpole anayependa mambo yanyooke, alituambia kwamba kwa sisi tuliokuwa kwenye majaribio, mahudhurio ndiyo yangeamua nani atathibitishwa kazini na nani atarudi nyumbani. Nami nilitaka sana kuthibitishwa. Mama yangu alikuwa ameshatangaza kanisani.

Kiangazi kikaingia. Huko majani yakiisha watu hawasubiri. Maboma huhama na ng'ombe kuelekea milima ya upande wa Loliondo, wakibaki wazee wachache na mbuzi wao. Aliyebuni mfumo hakuliwaza hilo. Kata ilihama, ofisi ikabaki, maana ina msingi wa saruji. Nikawa naamka, nafagia, najipiga picha, simu inaniandikia "Uko kazini", kisha nakaa mlangoni kutwa nzima nikitazama vumbi. Sijawahi kuchoka kama nilivyochoka kwa kukosa kazi. Niliigombeza simu kwa sauti, jambo ambalo ni sawa na kumpigia mbuzi gitaa, ila mbuzi angalau huinua kichwa.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja aliyekuwa jirani yangu kabla ya kuhama. Nilizoea kumwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Alikuwa ametembea tangu jana yake.

"Takwenya," nikamsalimu.

"Iko," akaitika, na salamu zikaishia hapo. Kwa kawaida zingefika mpaka kwa mvua na wajukuu. Akanigusa chini ya sikio kunionyesha ndama wake walipovimba. Ndigana kali, ugonjwa wa kupe. Ukiwahi na dawa, ndama anapona. Ukichelewa, unawahi ngozi.

Nilijua nikiondoka mfumo utaniandika mtoro, na kule si mahali pa kwenda na kurudi asubuhi moja. Nilifunga dawa huku nikinung'unika. Yeyo akapanda nyuma ya pikipiki, akanishika kiuno, tukaondoka.

Baadhi ya ndama wake walikufa. Wengi walisimama. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshaingia maboma ya jirani, kwa hiyo nikalala huko, kesho yake nikalala tena. Mtandao ulipatikana juu ya kichuguu tu. Kila nilipopanda simu iliniambia, "Uko nje ya eneo la kazi." Mwishowe akapiga mkuu wa idara. Hakufoka, na ndiyo maana niliogopa zaidi. Alisema hataweza kunitetea, nirudi ofisini, naye atakuja mwenyewe kuniona.

Nilimwambia yeyo kwamba kesho naondoka. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kuwa serikali inanitaka ofisini. Akauliza ofisi ni kitu gani hasa, nikasema ni nyumba yenye mlango na mahali pa kuweka dawa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetarajia jambo gumu zaidi.

Kulipokucha niliwakuta wanawake wakikata fito. Kwa Wamaasai, nyumba hujengwa na mwanamke na ni ya mwanamke. Asiye na nyumba bomani ni mgeni, na mgeni huondoka. Niliwaeleza kwamba simu haitaikubali nyumba hii, wakaendelea. Waliposhika samadi ya kukandika wakaniachia ukuta mmoja, kisha wakaucheka: mkono wa Mmbulu umezoea vitunguu. Nilikandika na machozi yakinitoka. Hakuna aliyewahi kunijengea kitu.

Mkuu wa idara alitukuta tumeshahamia. Nilikuwa nimempigia na kumwambia njoo unifuate huku, na sauti yangu ilikuwa na jeuri ambayo sikujua ninayo. Aliinama kuingia, akaona dawa zimepangwa juu ya fito, akaketi kwenye kigoda. Nje watu walisubiri na ndama wao. Yeyo akampa maziwa ndani ya kibuyu, kisha akanigeukia.

"Mwambie hii ndiyo ofisi. Tumekujengea ili usiondoke."

Nilitafsiri. Bosi alikunywa, akauliza mtandao uko wapi. Akakipanda kile kichuguu na viatu vyake vinavyong'aa, akazungumza kwa muda mrefu na wataalamu wa mfumo. Kumbe mkuu wa idara aliruhusiwa tangu mwanzo kusogeza eneo la ofisi kwenye ramani. Ila hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza. Asubuhi iliyofuata simu iliandika "Uko kazini", na wanawake wote wakataka kuiona.

Mvua zikanyesha, maboma yakarudi Piyaya, nami nikarudi nayo. Nilifagia ofisi ya saruji, nikasimama katikati, nikajipiga picha. "Uko nje ya eneo la kazi." Kwenye ramani ofisi ilikuwa bado kule milimani. Wiki hiyo ndiyo majina ya watakaothibitishwa yalikuwa yanapelekwa. Nikampigia bosi, nikianza kujieleza kabla hata hajauliza.

"Ng'ombe wako wapi?" akanikatiza.

"Hapa. Wamerudi wote."

"Basi uko kazini, dada. Jina lako nimeshalipeleka."