Pikipiki ya Theluji Uani kwa Bibi

Tak. Tak. Tak-tak-tak-tak.

Niliisikia kabla sijaona kitu. Nilikuwa nimeshuka kwenye maegesho ya chini ya duka moja kubwa hapa Bawshar, Maskati, mifuko mikononi, nikitafuta gari langu kati ya nguzo zinazofanana, na sauti ile ikanijia kutoka upande wa kiza. Mtu alikuwa akizungusha ufunguo na gari lake halitaki. Betri imekwisha, injini haigeuki, na kinachobaki ni rilei, ile swichi ndogo ya stata, kujigonga-gonga bila nguvu ya kufanya zaidi. Sauti ya kawaida kabisa. Lakini mimi, rafiki yangu, niliweka mifuko chini nikawa najifuta viganja kwenye abaya, kama mtoto anayesubiri kuitwa mbele ya watu.

Nilipokuwa mtoto, kuna wiki moja niliisikia sauti hiyo kila siku, kutoka kwenye banda la mabati lililokuwa uani kwa bibi.

Nyumba ya bibi ilitazama mchanga wa Bawshar, ule mlima wa mchanga ambapo siku za mapumziko vijana walikuja kupanda na kushuka na pikipiki za magurudumu manne. Sisi watoto tulikula mchanga ule: ulikuwemo kwenye chapati, kwenye shuka, kwenye kurasa za msahafu. Na pikipiki zile zilipoharibika, zililetwa kwa shangazi yangu. Alikuwa amesomea umeme chuoni, na banda la babu, lililokuwa la kuwekea majani ya mbuzi, alilifanya karakana. Asubuhi uani kulinukia ubani wa bibi na mandazi yanayoiva. Ikifika adhuhuri kulinukia petroli na waya ulioungua. Bibi alikuwa akipita na chetezo cha ubani mbele ya banda akifukiza kwa makusudi, kana kwamba ndani mle mna shetani.

Halafu shangazi akapata nafasi ya kazi. Karakana moja ya nchi za kaskazini, mbali kabisa, huko jua linakotoka kidogo tu halafu linaona haya, ilimtaka akajifunze na kutengeneza vyombo vya kwendea kwenye theluji. Walikuwa wakingoja jibu lake Jumamosi. Baba yangu, kaka yake, alisema mwenye neno ni mama yao. Na shangazi mwenyewe alisema hivyo hivyo: hatoki bila radhi ya mama yake. Bibi hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa na namna yake ya kunyamaza huku akikuna nazi, na mbuzi ya kukunia ikisema yote.

Sasa sikiliza mambo yalivyokuja. Jirani yetu, mwana wa Malindi ya Unguja kama sisi, alikuwa akiingiza magari yaliyotumika kutoka nje. Siku moja kontena lake likafunguliwa, na nyuma ya magari kikatokea kitu ambacho mtaa mzima ulikuja kukitazama. Mbele hakina gurudumu, kina mbao mbili zilizopinda kama midomo ya bata. Nyuma kina mkanda wa mpira, mpana kama mkeka. Usukani wa pikipiki, kiti cha pikipiki. Pikipiki ya theluji. Muuzaji alimtilia bure, na jirani alikuwa amekwisha kuapa kwa rafiki zake kwamba ataipandisha mchangani. Ila haikuwaka. Tak, tak, basi.

Walipoisukuma mpaka uani kwetu, bibi alikuwa barazani akipukuchua mbaazi.

"Nnakuletea mgonjwa, Bi Mkubwa," jirani akasema.

"Mgonjwa au jeneza?"

"Mwanao ataitibu. Si anataka kwenda kuzitengeneza huko kwao?"

Bibi akaacha mbaazi. Akaitazama ile mashine kwa muda, kisha akamtazama shangazi, aliyekuwa keshapiga magoti pembeni yake, mkono mmoja ukiwa tayari chini ya kifuniko.

"Haya," akasema. "Mwenyewe kaja. Unataka kwenda nchi ya watu ukatengeneze madubwana haya? Litengeneze hili kwanza. Lingurume nilisikie kwa masikio yangu kabla Jumamosi haijaisha, nami ntasema bismillahi, nenda. Likishindikana, hayo ya safari tusiyasikie tena ndani ya nyumba hii."

"Mimi shahidi!" jirani akapiga kofi pajani, akicheka.

Shangazi hakucheka. Aliinua uso akasema, "Nimekubali, mama." Na mimi nilikuwa nimekaa kati yao na mbaazi mapajani. Shangazi ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenipeleka shule Ghubra, ndiye aliyelala kitanda cha pili chumbani mwangu akinisimulia habari za umeme kana kwamba ni hadithi za majini. Nilimpenda kiasi cha kutaka mashine iwake. Nilimpenda kiasi cha kutaka isiwake. Kila nilipopiga sijida niliomba moja, na kabla sijainuka nimekwisha omba la pili.

Alianza kwenye betri. Vichwa vyake vilikuwa na ukungu wa kijani. Akaviosha kwa magadi na maji ya moto, vikatoa povu, mimi nikishika kopo. Akaichaji mpaka ikajaa. Mashine ikakohoa, karibu iwake, ikazima, na jioni ile ile betri ikawa tupu. Akafuata waya wa ardhi, ule unaofungwa kwenye chuma cha mwili wake. Ulikuwa umeliwa na chumvi ya safari ya bahari. Akaukwangua kwa msasa, akaufunga upya, akapaka grisi. Akabadilisha plagi. Akapima koili ya kuchaji, ikawa nzima. Kila jibu zuri lilinitia hofu, kila jibu baya lilinitia hofu nyingine. Maana ugonjwa ulikuwa ni huo huo: kila kitu kimezimwa, ufunguo umetolewa, na bado mita yake ya kupimia umeme ilionyesha umeme unatoka kwenye betri unakwenda mahali. Alichomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Mita haikutikisika.

"Kuna waya umepita nje ya fyuzi," alisema. "Mtu kaufunga kwa mkono wake. Lakini unakwenda wapi?"

Kuna neno alikuwa akiniambia, na bado ninalo. "Umeme haupotei bure. Popote unapokwenda bila ruhusa, unaacha joto. Ukishindwa kwa mita, tumia kiganja. Tafuta joto." Basi tulitafuta. Tulipapasa nyaya, stata, taa, kiti, sote wawili viganja vyetu vikipita juu ya mashine kama vya vipofu. Na bibi kutoka barazani:

"Tafuta joto! Maskati! Tafuta na mchanga jangwani!"

Alikuwa na haki ya kucheka. Chini ya mabati yale kila kitu kilikuwa cha moto. Ukishika spana lazima uifunge kitambaa. Ungejuaje ni joto gani la jua na lipi la umeme?

Ijumaa ikaingia. Baba alirudi na muhogo kutoka soko la Mawaleh, bibi akaupika kwa nazi, tukala. Shangazi alikuwa na weusi chini ya macho. Magharibi ilipokwisha alikwenda bandani, na badala ya kuiondoa betri kama alivyofanya kila jioni, kwa kuogopa moto, safari hii aliiacha imefungwa, akaunga na chaja ya ukutani. "Iache inywe mpaka asubuhi," alisema. "Nitajaribu mara moja tu. Ikikataa, nitamwambia mama nimeshindwa." Akalala akiwa ameupa ukuta uso, na mimi nikajua hajalala, kwa sababu mimi pia sikulala.

Ilikuwa miezi ile joto la Maskati linapoanza kulegea. Alfajiri kunakuwa na ubaridi mwepesi, vyuma vinapata umande. Bibi alikuwa na baridi yabisi ya vidole, na wakati huo wa mwaka kila akimaliza kuswali alikuwa akifumbata birika la chai mpaka vidole vilegee. Asubuhi ile nilisikia kandambili zake zikipita jikoni bila kusimama. Nikaamka nikamfuata.

Alikuwa amesimama bandani mbele ya mashine, kanga ya swala bado kichwani.

"Na wewe," alikuwa akiiambia, "umevuka bahari zote hizo kuja kunichukulia mwanangu."

Akaegemea usukani apumzike. Nikaona mabega yake yakishtuka. Akauinua mkono, akautazama, akaurudisha. Kisha akaleta na wa pili. Akavifumbata vile vishikio viwili kama anavyofumbata birika, akasimama vile vile, hatikisiki.

Nilielewa. Nilikuwa mtoto lakini mwanafunzi wa shangazi, nami nilikuwa pale wiki nzima tukipapasa. Chuma kizima kilikuwa baridi na umande, isipokuwa mahali bibi alipoweka mikono. Na bibi naye alielewa. Neno lile alilolicheka kila siku alikuwa akilisikia kila siku. Kilichobaki ni aondoe mikono, aende akachemshe chai. Jua likichomoza, mabati yangeficha kila kitu. Saa chache tu, na mwanawe angebaki.

Bibi akageuka akaniona mlangoni. Hakuniambia ninyamaze. Hakuniambia niseme. Tulitazamana tu, yeye mikono kwenye joto, mimi miguu kwenye saruji baridi, na sijapata kumwogopa mtu, wala kumhurumia mtu, kama nilivyomhurumia bibi yangu pale.

Kisha akaelekeza uso nyumbani akapaza sauti, kwa ukali kama anayegombeza.

"We mtoto! Amka! Amka uje ushike hapa!"

Shangazi alikuja mbio, miguu mitupu, nywele wazi. Bibi akamvutia mkono kwenye kishikio. Shangazi akaanza kucheka na machozi yakimtoka.

"Mama! Wanapasha mikono! Huko kwenye baridi vishikio vinapashwa kwa umeme, nikadhani vinapata moto injini ikiwaka tu, kumbe mtu kavifunga moja kwa moja na betri!"

"Basi huko ningefaa kwenda mimi," bibi akasema. Akaondoa mikono yake, polepole, akaificha ndani ya kanga.

Waya ulikuwa chini ya mkanda mweusi kando ya usukani, na swichi yake ndogo, iliyofutika alama, ilikuwa imebonyezwa. Jirani alikiri aliibonyeza siku kontena lilipofunguliwa; alizibonyeza zote, alitaka kuona taa. Shangazi alikata, akafunga, akajaza betri. Mchana ule uani kwetu kuliunguruma kitu ambacho Bawshar haikupata kukisikia, moshi wa buluu ukapanda juu ya kamba ya nguo, njiwa wakaruka wote. "Mimi shahidi! Mimi shahidi!" jirani alikuwa akipiga kelele, na sote tulimtazama bibi. Alingoja mpaka mashine izimwe, asije akalazimika kusema mara mbili.

"Bismillahi," akasema.

Banda halipo sasa. Wenye nyumba wa baada yetu wamejenga gereji ya magari matatu, na mlima wa mchanga umezungushiwa barabara pande zote. Jirani aliipandisha pikipiki yake mchangani mara moja, ikachemka, akaiuza. Shangazi hutuma sauti kwa simu, nyuma yake mashine zikinguruma, na huko anakokaa ukitaka kupata ugonjwa wa umeme, huvua glovu ukapapasa tu. Bibi tulimzika miaka mingi baadaye. Ninachokikosa, rafiki yangu, ni kitu kidogo: kuamka alfajiri nikamkuta na birika viganjani, naye akanipa upande mmoja nishike.

Siku ya safari, baba alitangulia na masanduku garini. Geti letu lilikuwa la chuma, zito, limekwama na mchanga kwenye reli yake, na bibi kwa vidole vyake hakuwahi kulivuta. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Shangazi alimbusu mikono, akanibusu mimi, akatoka, hakugeuka, kwa sababu bibi alimwambia asigeuke. Nikakimbilia geti nilifunge. Bibi akaniwekea mkono begani akanisogeza kando. Akalishika kwa mikono yake miwili, akalivuta mchanga ukisaga chini, mpaka likagonga nguzo.