Mafuta ya Langilangi na Nyumba ya Binti Yangu

Kwetu Mutsamudu msichana haendi kwa mume. Mume ndiye anayehamia kwa mke, na nyumba hujengwa na mama wa msichana pamoja na wajomba. Ukichelewa, utasemwa mpaka sokoni. Mimi nilikuwa na binti aliyekwisha kuposwa, kuta za vyumba viwili bila paa, na mtambo wa kukamua mafuta ya langilangi niliourithi kwa mama. Nyumba ile ilitegemea mtambo ule.

Mtambo wenyewe ni pipa kubwa la chuma juu ya moto. Maua huchumwa alfajiri, hutiwa ndani na maji, na moto hauzimwi mpaka yamalize kutoa mafuta, hata kama ni kesho yake. Moto huo unakula kuni vibaya sana.

Mafuta yetu yalinunuliwa na kampuni ya manukato ya Ulaya, ofisi yake ikiwa Moroni, mji mkuu, kisiwa kingine. Kabla kisiwa chetu hakijajitenga, kampuni iliwaita wakamuaji wa visiwa vyote. Nikapanda meli, nikaenda. Walitupeleka kijiji cha Mvouni, juu mlimani, kutuonyesha jiko jipya la matofali, lenye mlango wa chuma na dohani, lisilotaka kuni nyingi. Bwana wa kampuni alisema huko Bukini, kisiwa kile kikubwa cha jirani, wameshagawa majiko hayo, na kwao Ulaya mteja akisikia msitu umekatwa hanunui. Kuanzia sasa mafuta yaliyopikwa kwa miti ya msitu hawayataki, yatoke nchi yoyote ile. Nilimkubali. Akaniahidi jiko langu litaletwa kwa meli.

Meli haikuja. Kisiwa kilijitenga, bendera nyingine ikapandishwa, serikali ya Moroni ikazuia vyombo vya baharini visije kwetu. Jiko langu likabaki ghalani huko huko. Mafuta ya taa yakaadimika, na kila nyumba mjini ikawa inahangaikia kuni za kupikia wali.

Nikadhani na mimi sitapata mnunuzi. Wapi! Mfanyabiashara mmoja wa mjini, aliyekuwa akipeleka mizigo kwa boti Maore, kisiwa cha jirani kilicho chini ya Wafaransa, alikuja mlangoni kwangu. Alitaka mafuta yote, tena upesi.

"Anayanunua nani?"

"Wale wale, mama."

"Na masharti yao ya kuni?"

Akacheka. "Masharti yako Moroni, ofisini. Huku hakuna ofisi. Wewe pika tu."

Habari hiyo ilimfikia mdogo wangu, mjomba wa bi harusi, akaja na shoka na vijana wawili. Juu ya shamba letu kuna chemchemi ambayo mtaa mzima unaitegemea, na kuizunguka kuna miti mikubwa aliyoiacha mama ili maji yasikauke.

"Dada, kampuni yenyewe imefumba macho. Wewe unamlindia nani?"

"Watoto wako wanaoga maji ya wapi?"

"Na mtoto wako ataolewa wapi? Barabarani?"

"Shusha hilo shoka."

"Haya, mjengee nyumba ya makuti, tuchekwe ukoo mzima!"

Akaenda zake na vijana wake. Nikawa napika kidogo kidogo, kwa matawi yaliyopogolewa shambani na vifuu vya nazi. Mafuta niliyopata yalitosha kuezeka chumba kimoja. Cha pili kilibaki wazi, mvua ikiingia. Binti yangu akaacha kunisemesha. Aliniwekea chakula, akageuka. Alijua, na mimi nilijua, kwamba posa inaweza kurudishwa.

Mama wa bwana harusi akaja kuikagua nyumba.

"Mwenzangu, ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Chumba kimoja! Mwanangu ataingia kwa ubavu?"

"Ataingia kwa mlango. Bandari imelala, hana kazi, anashinda barazani kwako akicheza bao. Huko umempa vyumba vingapi?"

"Una ulimi, wewe! Miti unayo, mji mzima unaiona. Ungeikata, nyumba ingekwisha."

"Ingekwisha. Halafu mngekuja kuchota maji kwa nani?"

Hakunywa chai. Binti yangu alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote, na alilia mpaka magharibi. Sikumbembeleza; nilirudi kuchochea moto wa mtambo.

Bwana harusi alikuja mwenyewe kwa mjomba wa binti, akasema ataingia hivyo hivyo. Ndoa ikafungwa. Chumba cha pili alikiezeka yeye, bati kwa bati, na wenzake wa bandarini wakamcheka kweli kweli: mume gani anamjengea mke? Akawajibu, "Chekeni, ninayelala humo ni mimi."

Visiwa viliporudiana, bwana wa kampuni alikuja na jiko langu. Ni jiko zuri, sitasema uongo, mpaka leo nalitumia. Lakini alitaka pia kusimamisha kibao chenye jina la kampuni kwenye miti ya chemchemi. Nikamwambia akakisimamishe kwenye vilima vilivyobaki vipara, maana mafuta ya huko pia aliyanunua. Akatazama saa yake, akaaga.

Binti yangu ana watoto wakubwa sasa. Tukigombana, bado hunitupia kwamba niliipenda miti kuliko yeye. Simbishii. Wakati ule sikuwa na cha kumliwaza, na leo pia sina.