Mashairi Mawili Yasiyo na Jawabu

Miaka michache baada ya uhuru, mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana wa kutoka bara, alitupa mashairi mawili ya mapenzi tukayalinganishe nyumbani. La kwanza, mwanamume anamhimiza msichana akubali upesi kabla ujana haujapita. La pili, mwanamume anaapa kuwa pendo lake halitabadilika. Katika mtaa wetu wa Mkomani msichana aliyefika sekondari nilikuwa mimi tu, na kila nilichobeba kilikaguliwa.

Mama aliniamuru nimfasirie. Nikafasiri huku yeye akishona kofia, jicho moja kwenye sindano, jingine kwangu.

"Na jawabu?" akauliza nilipomaliza.

"Jawabu gani, mama?"

"La mwanamke. Mwanamke aambiwe yote haya kisha anyamae?"

Kwetu shairi likiingia nyumba ya watu hujibiwa kwa shairi; hata matusi hujibiwa kwa vina. Kwa hiyo Mama aliona jawabu lipo, limefichwa, na aliyelificha ni mimi. Kwa hesabu yake, mwalimu amenitongoza kwa kitabu, nami nimemjibu. Aliupekua mkoba wangu, akainua hata godoro. Nilikasirika mpaka nikalia.

"Dalili ya mvua ni mawingu," akasema. "Huendi shule mpaka nimuone huyo bwana."

Asubuhi akavaa buibui, tukafuatana. Mwalimu, jasho likimtoka, akaapa kuwa watunzi wote wawili walikufa zamani sana.

"Na hao wanawake, Bwana mwalimu, walijibuye?"

Akafunua kurasa, akarudi nyuma, akakiri kwamba kitabu hakisemi. Mama akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaniruhusu niingie darasani. Hakuamini hata kidogo. Kwa muda mrefu alinisindikiza hadi mlangoni mwa shule.

Katika insha niliandika kwamba wa kwanza ana njaa, na wa pili anaisikiliza sauti yake mwenyewe. Mwalimu alinisifu, lakini kwa mbali, kitabu kikiwa kati yetu.

Mwaka uliofuata ilikuja posa kutoka kwa jamaa wenye mali. Bwana harusi mtarajiwa alituma shairi tamu, vina vimetulia, na sharti moja: niache shule, ndoa ifungwe mwezi huohuo. Wajomba walikuwa wamekwisha kulainika. Nami nilikuwa naogopa, kwa kuwa mtihani wangu ulikuwa karibu.

Mama alilisoma, akanipa.

"Huyu ni yupi katika wale wawili?"

"Ni wote wawili, mama. Ana haraka, na anajisifu."

Mama akaikunja karatasi polepole. Mshenga, mwanamke wa makamo, alikuwa ukumbini akingojea beti za kurudi nazo. Alikunywa kahawa, akaongezwa, akanywa tena.

"Jawabu, Bi?" akauliza mwishowe.

Mama akamrudishia karatasi yake, akaendelea kushona. Nikawakumbuka wale wanawake wa kitabuni, nikashuku kwamba nao walijibu hivihivi.