Mama Yake Angemjua?

Mtoto wa shule akisikia kwamba jaji mkuu wa mashindano ya uchoraji ni Mzee Liberatus Mgaya wa Soweto, Mbeya, alianza kukata tamaa kabla hajachonga penseli. Sajini huyu mstaafu alikuwa na swali moja tu. Alisimama mbele ya picha, mikono nyuma kama yuko gwaride, akaikodolea macho mpaka mwenye picha atoke jasho, halafu akauliza, "Mama yake angemjua?"

Jibu likiwa ndiyo, hata rangi iwe imechuruzika na karatasi imekunjamana, alama ulizipata. Likiwa hapana, hata ungechora kwa dhahabu, umekwisha. Walimu wa sanaa walinung'unika. Walimwambia siku hizi uchoraji si kufanana tu, kuna hisia, kuna ubunifu. Mzee aliwasikiliza kwa adabu zote, kisha akafanya alivyotaka. Ubishi wa Kihehe ukiuchanganya na wa jeshini, nani atauweza?

Lakini swali lile hakuliokota njiani. Lilitokana na mwanamke mmoja wa bonde la Usangu, mama yake Ndalahwa.

Ndalahwa na Liberatus walikutana mafunzoni mwaka 1978, wakaenda pamoja vita vya Kagera. Liberatus alikuwa kijana wa Iringa, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima yote bila kuiba hata siku moja, na kazi yake karakanani ilikuwa kupaka namba kwenye magari. Ndalahwa alikuwa Msukuma, ambaye wazazi wake walihama kutoka kaskazini na ng'ombe wao wakaja kukaa Usangu, chini ya Chimala. Kwenye mstari wa kutembea Ndalahwa alitangulia, Liberatus akafuata. Walikwenda hivyo miezi na miezi, mmoja anaona njia, mwenzake anaona kisogo. Wakaahidiana lile wanaloahidiana vijana wote waliovaa buti: mmoja akibaki huko, mwingine aende kwao.

Ndalahwa alibaki huko. Ilikuwa asubuhi ya Aprili, kombora likaanguka pale alipokuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Liberatus aliuona uso wa mwenzake mara ya mwisho, na ulivyokuwa hakuna haja ya kusimulia. Aliufukuza kichwani siku ileile, na alijitahidi maisha yake yote usirudi.

Vita vikaisha. Mwaka 1980 ikabidi aende Usangu, na hakuwa na kitu cha kupeleka. Picha waliyopiga pamoja ililowa mtoni ikabaki karatasi tupu. Kwenda kwa mama wa watu mikono mitupu hakuweza. Basi akachukua mfuniko wa sanduku la risasi, akachukua rangi za magari, kijani na nyeusi na nyeupe, akaongeza ile nyekundu ya kuzuia kutu, akakaa siku tisa akimchora rafiki yake kwa kichwa. Akatoka kijana mzuri, kidevu cha kiume, macho mawili yaliyotulia.

Alimkuta mama anakamua. Mama akaweka kibuyu chini, akafuta mikono kwenye khanga, akaipokea picha na kuketi nayo kwenye kigoda. Aliitazama muda mrefu sana. Akapitisha kidole kwenye paji la uso, akashuka taratibu mpaka kwenye macho, na hapo kidole kikasimama. Halafu akasema, "Ndiye. Ndiye mwanangu." Wakalia wote wawili, na Liberatus akalala pale siku nne akila na kulia.

Neno lile ndilo lililomfanya mchoraji. Alipostaafu jeshi alichora mabango ya mabucha ya Mbalizi, vichwa vya saluni, watakatifu wa makanisani, na picha za marehemu za kutembezwa mbele ya jeneza. Akafanya maonyesho. Mara ya kwanza ilikuwa viwanja vya Nanenane, picha zake zikiwa kati ya trekta jipya na meza ya mbegu za mahindi, na watu walimuuliza bei ya mbegu. Hakukata tamaa. Akaonyesha Mbeya mjini, akaonyesha Iringa, na kila onyesho katikati alitundika uso wa Ndalahwa, aliouchora upya mara nyingi mpaka akazoea kuuchora huku anaongea na wateja. Mtu akitaka kuununua alijibu, "Sina mamlaka ya kumuuza mtoto wa mtu." Na kila Agosti alishuka Chimala na sukari na kitenge kumwamkia mama, akaikuta ile ya kwanza ukutani, ikitazamana na mlango. Alirudi Soweto akiwa na furaha ya mtu aliyetimiza ahadi. Mama alipofariki, miaka minne sasa, alikwenda akazika, na tangu hapo magoti yakamkatalia safari ile.

Mwaka jana wakamwita Iringa. Yalikuwa mashindano ya shule za sekondari, na mada ilikuwa "Mtu wa Nyumbani Kwetu". Kila mwanafunzi alitakiwa kuchora uso wa mtu halisi wa ukoo wake. Mshindi angepata nafasi ya kusoma chuo cha sanaa, na nafasi ilikuwa moja. Picha zilipewa namba, majina yakafungwa kwenye bahasha, na asubuhi majaji wawili wakafungiwa ukumbini: Mzee Liberatus, na mwalimu mmoja wa Mbeya aitwaye Violet.

Violet alisimama kwenye namba kumi na saba na hakuondoka. Kijana wa zamani, shati la kola ndefu, shingo ndefu, fimbo ya ng'ombe begani. Kope la kushoto lilikuwa limeshuka likafunika nusu ya jicho, na kwa sababu hiyo kijana alionekana kama anataka kukutania.

"Baba, hii ndiyo," Violet alisema.

Liberatus akaisogelea, mikono nyuma. "Mkono mzuri. Lakini huyu mtu hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Ametungwa. Angalia jicho hili, limelala. Mtoto kakosea, akaona uvivu kufuta. Mama yake angemjua huyu?"

"Baba, labda ndivyo alivyokuwa. Watu wenye kope hivyo si wapo?"

"Mimi nimechora nyuso miaka arobaini na zaidi, mwanangu. Uso wa kweli naujua."

Akaandika alama za kufanana, tisa kati ya arobaini, kwa kalamu ya wino. Namba kumi na saba ikaporomoka kutoka ya kwanza hadi ya sita. Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo hakukuwa na wa kumwambia.

Mchana watu wakajaa. Mgeni rasmi akamtangaza mshindi, kijana wa Njombe anayeitwa Jailos, na mama yake Jailos akapiga vigelegele mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Jaji mkuu akapewa kipaza sauti aseme neno la kuwajenga wengine. Akazipitia picha moja moja. Kwenye ile akasema, "Namba kumi na saba, una mkono. Lakini umetunga uso, na jicho moja limelala. Mama yake mtu huyu asingemjua." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kumfurahisha mzee.

Shughuli ilipokwisha akaona mwanamke mtu mzima anamjia, amemshika mkono msichana aliyevaa sare. Alikuwa Kalista, mdogo wake Ndalahwa. Liberatus akafurahi kupita kiasi.

"Dada Kalista! Umetokea Chimala?"

"Nimetokea Chimala, kaka Libe. Nimemleta mjukuu wangu akusalimie. Huyu Yusta, anasoma huku bodingi."

"Shikamoo babu," msichana akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. Bibi yake alimvuta mkono kama anayesema salamu zinatosha, twende, lakini Yusta alishaingiza mkono kwenye daftari lake. "Babu, ile kumi na saba ni yangu. Sikutunga. Nilichora kutoka kwenye hii."

Ilikuwa picha ndogo ya studio, imepauka kingo. Shati la kola ndefu. Kope la kushoto limeshuka. Liberatus akavaa miwani, akaiangalia mbele, akaigeuza nyuma, akaiangalia tena.

"Sawa, nimekosea, mtu yupo," alisema. "Ni nani huyu?"

Kalista akatazama chini.

"Kaka, unauliza kweli?"

"Nauliza. Ni nani?"

"Ndalahwa."

Ukumbi ulikuwa na kelele za viti vinavyokusanywa. Liberatus alisema hapana, Ndalahwa hakuwa na jicho hilo. Kalista akamwambia alikuwa nalo tangu ana miaka saba, ndama alimpiga teke. Picha ilikuwa kwa binamu yao Shinyanga miaka yote hii. Binamu alipokufa, watoto wake ndio walioileta.

"Lakini mama alisema ndiye," Liberatus alisema. "Ulikuwepo, Kalista. Ulikuwa mtoto lakini ulikuwepo. Alisema ndiye."

"Alisema."

"Sasa?"

Kalista alikuwa mwanamke mwema na hakutaka kusema, lakini alikuwa ameulizwa. "Ulipoondoka nilimwambia mama, mayu, huyu siyo kaka. Akaniambia ninyamaze. Akasema huyu kijana amembeba mwenzake kutoka Uganda mpaka mlangoni kwangu. Nikimwambia siye, huo mzigo atautua wapi?" Akavuta pumzi. "Ile picha yako ilikaaga sandukuni, kaka. Kila Agosti tukisikia umeshuka Chimala, mayu ananituma niitoe niitundike."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikwenda miaka arobaini, na aliyeitembea hakuwa mwongo, wala aliyeifungua hakuwa mtu mbaya. Liberatus akaketi kwenye kiti cha plastiki. Alijaribu kumwita Ndalahwa kichwani, na akaja kama alivyokuja siku zote, kisogo kwanza, shingo ndefu, mabega, mwendo wa mtu anayefuata ng'ombe. Akamwomba ageuke. Akageuka, na alikuwa yule wa mfuniko wa sanduku la risasi, kijana mzuri mwenye macho yaliyotulia, ambaye hakuzaliwa na mtu yeyote. Ndalahwa mwenyewe alikuwa amesimama ukutani tangu asubuhi, uso kwa uso na rafiki yake, na rafiki yake akampa tisa.

Akainuka kumtafuta Violet. Alitaka alama zibadilishwe, alitaka kipaza sauti. Violet akamwonyesha mlangoni. Jailos alikuwa anapigwa picha na cheti, na mama yake alikuwa bado hajapata nguvu ya kufunga kitambaa vizuri. Maji yalikuwa yameshamwagika, na kuyazoa kungekuwa kumnyang'anya mtoto mwingine.

"Muache tu babu," Yusta alisema nyuma yake. "Jailos naye kachora vizuri."

Mzee akaomba penseli. Akageuza fomu yake ya alama upande usioandikwa, akaiweka picha ya studio kwenye goti, akaketi mbele ya namba kumi na saba na kuanza kuchora. Shingo ilikuja. Kola ilikuja. Alipofika usoni mkono ukashika njia yake ya zamani, kidevu cha kiume, macho mawili yaliyotulia. Akafuta. Akarudia polepole, anatazama kila mstari kabla hajauweka, na macho yakatoka sawa tena, yote mawili wazi. Akafuta mpaka karatasi ikaanza kutoboka. Mara ya tatu yakatoka yaleyale, akaacha.

Akampa Yusta karatasi.

"Leo jaji ni wewe," alisema. "Usinihurumie. Mama yake angemjua?"

Yusta akaipokea kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu. Akamtazama bibi yake. Kidole cha msichana kikapita kwenye paji la uso, kikashuka taratibu mpaka kwenye macho, na hapo kikasimama.

"Ndiye, babu," alisema. "Amefanana."

Liberatus alikiangalia kile kidole mpaka kikaondoka kwenye karatasi. Kisha akamshukuru mtoto, akavua miwani, na akalia mbele ya watu waliokuwa wanapanga viti.