Sabuni ya Majivu

Sabuni ilipokosekana madukani Kasese, jirani yangu wa kambini, mke wa askari kama mimi, alinifundisha kuipika. Tulichoma maganda ya ndizi, tukachuja majivu yake kwa maji, kisha tukayachemsha maji hayo na mawese mpaka yakawa mazito.

"Chuja tena, mama," alinionya. "Majivu ikibaki, itachoma mikono."

Kwa sabuni hiyo nilifua shati la mume wangu, aliyeitwa kazini akaondoka bila kuaga. Nilipokwenda kumwulizia, afande wa getini alifoka: "Rudi nyumbani! Hapa hakuna mutu wako."

Sikuwa na pa kuuliza tena. Kila nilipopika sabuni nililifua shati lile, ingawa lilikuwa safi. Hakurudi. Mwishowe kitambaa kilichanika mikononi mwangu, nikakaa chini nikalia.